Gari Halikulala kwa Sababu Yako

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliuliza swali moja kisha ukalipita haraka, kabla sijapumua. "Mama, lile gari uliliegesha kwa sababu yangu?" Nilikujibu hapana, tukaingia kwenye mambo mengine. Tangu siku hiyo swali lako halijaniacha, maana nimetambua umelibeba muda mrefu, na hapana ya kwenye simu haitoshi kukutua mzigo huo. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Ni kweli gari letu, hiyo Datsun 240Z ya mwaka 1972, lina viti viwili tu. Nyuma ya viti ni sakafu ya mizigo, na juu yake kioo kinachoteremka hadi mkiani. Ulipozaliwa tulihitaji gari la milango minne, hilo halina ubishi. Lakini kununua gari la pili si kulizika la kwanza. Mtoto mchanga hamzuii mama yake kwenda bandani mara moja kwa mwezi, kuliwasha gari, kulitembeza kilomita 20 hadi oili ipate moto sawasawa, na kulirudisha. Nilisema nalilaza miezi mitatu. Ilipokwisha nikasema tungoje likizo. Baadaye nikaacha hata kusema. Miaka 21 ilikwenda hivyo, na yote hiyo ni yangu mimi.

Tena sikuliandaa kulala, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Nililiacha kama mtu anayeshuka mara moja na kurudi: petroli nusu tangi, betri mahali pake, breki ya mkono imevutwa, maji ya zamani ndani ya rejeta. Kila kimoja kilikuja kunidai.

Petroli haitunziki kama maji ya mtungini. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto upesi huruka kwanza, na inayobaki huchacha kwa hewa hadi ikawa gundi. Nilipofungua kifuniko cha tangi, harufu iliyonipokea haikuwa ya petroli tena, ilikuwa ya vanishi iliyosahauliwa kwenye kopo. Tukalishusha tangi, nikamulika ndani kwa tochi, na hapo nikauona mstari. Umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Chini yake, pale petroli ilipokuwa imetulia, kuna utando wa kahawia unaong'aa. Juu yake, pale palipokaa hewa na unyevu, ni kutu tupu, ya kubanduka kwa kidole. Nilikaa chini na tochi yangu nikautazama ule mstari muda mrefu. Gari linalolazwa, tangi lake ama lijazwe pomoni ama likaushwe kabisa. Nusu ndiyo mbaya kuliko zote, na mimi niliacha nusu.

Betri ilivuja asidi, ikala trei yake na kuanza kuila bodi chini yake. Breki ya mkono ikazigandisha ngoma za breki za nyuma na lainingi zake, zile pedi zinazosugua ngoma kwa ndani. Kwenye breki sikuokoa karibu chochote, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu taratibu mwaka hadi mwaka, na unyevu huo huzila silinda kwa ndani, mahali usipopaona. Paipu za mpira nazo huvimba ndani huku kwa nje zikionekana nzima: unakanyaga, breki inashika, unaachia, nayo haiachii. Basi master silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, silinda za nyuma, sili za kalipa za mbele, paipu zote za mpira, vyote nikaweka vipya, na upepo ulioingia kwenye paipu nikautoa mara mbili. Breki nilizimaliza kabla sijagusa kabureta. Wengi huanza na injini kwa sababu wana hamu ya kusikia mlio, kisha wanajikuta na gari linalokimbia ambalo halisimami.

Tairi niliziona nzuri kabisa, meno bado marefu. Lakini ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Zetu zilisoma 1401, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2001. Nikabonyeza ubavu kwa dole gumba, mpira mgumu kama kwato, na mipasuko midogo ikajifungua pembeni ya kidole changu. Nikazitoa zote nne siku hiyo hiyo.

Kuna fundi mmoja alikuja, akalizunguka gari mara mbili, akasema tufunge kamba, tulivute, tuachie klachi, litawaka lenyewe. Alikuwa na hakika. Nilimshukuru nikamsindikiza hadi nje. Pistoni zikikaa mahali pamoja muda wote huo, ringi zake, zile pete za chuma zinazozizunguka, hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba tu, kitu cha kubembelezwa. Ukiivuta injini hiyo kwa nguvu za gari lingine, ringi zinakatika na ukuta unachanika. Tena oili yote ilishateremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na huko juu chuma kinalala juu ya chuma.

Mimi nilitoa plagi zote sita. Kwenye kila tundu nikamimina oili nyepesi, kiasi cha vijiko viwili, nikaacha. Siku ya nne nikashika nati ya puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, kwa spana ndefu, nikavuta polepole. Haikutikisika. Sikuongeza nguvu. Nikaongeza oili. Siku ya sita, nikiwa peke yangu usiku, nikahisi kitu kwenye kiganja kabla sijakiona: ule ugumu uliacha kuwa ugumu wa jiwe ukawa ugumu wa kamba. Puli ikasogea upana wa ukucha. Nikasimama, nikarudisha nyuma, nikasogeza tena. Mwanangu, nililia pale bandani, spana mkononi. Ilichukua siku nne nyingine kufika mizunguko miwili kamili, ambayo ndiyo inayotosha kila pistoni ivute, ibane, ilipuke na kutoa moshi.

Kemshafti ya injini hii, kile chuma kinachofungua na kufunga vali, iko juu kabisa, chini ya kava, kwa hiyo ndiyo hukauka kwanza na ndiyo hupata oili mwisho. Nikafungua kava nikaimwagia oili kwa mkono, nikapima nafasi za vali injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingizia na 0.25 za kutolea. Kisha, plagi zikiwa bado nje na koili imechomolewa, nikapiga stata kwa vipindi vifupi hadi mshale wa presha ya oili ulipoinuka. Mshale huo ulipoinuka ndipo nilipoamini tutafika.

Kabureta nitakueleza zaidi kidogo, kwa sababu ni kazi niliyoipenda na nataka nawe uijue. Ziko mbili, kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, na kila moja inalisha silinda tatu. Ndani ya kila moja kuna pistoni ndogo inayopandishwa na mvuto wa hewa na kushuka kwa uzito wake, na juu yake kuna oili kidogo inayoizuia isirukeruke. Ukiiinua kwa kidole na kuiachia inapaswa kushuka yenyewe na kugota chini: tak. Zetu zilikuwa zimeshikwa na ile gundi ya petroli, moja haikushuka kabisa. Nilizisafisha kwa kitambaa na dawa, bila msasa, maana nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni ndogo mno na msasa ungeiharibu kwa dakika moja.

Kuzilinganisha hutaki chombo cha ajabu. Chukua kipande cha paipu nyembamba ya mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta injini ikiwa inazunguka taratibu. Unasikia hewa inavyovuta, ssss. Unahamia ya pili. Kama moja inavuta kwa sauti kubwa zaidi, unageuza skrubu robo, unasikiliza tena. Sauti mbili zikiwa moja, mtetemo wa injini unatulia chini ya mkono wako. Nimewaona watu wakizing'oa kabureta hizi wakaweka za kisasa kwa madai kwamba ni sumbufu. Hazisumbui zikipewa mtu wa kuzisikiliza.

Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, rejeta ikatoa maji ya rangi ya tofali, panya walikuwa wamejenga ndani ya kikasha cha filta ya hewa. Hayo yote yalikuwa kazi tu.

Mara ya kwanza kuwasha, ilikohoa na kutema moto mdogo kupitia kabureta. Nilizima mara moja. Kizima moto kilikuwa miguuni pangu, na wewe usije ukawasha gari lililolala bila kuwa nacho. Nikafuata waya za plagi kwa kidole. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, nami nilikuwa nimebadilishana waya wa 2 na wa 6. Nikazirudisha mahali pake. Stata ikazunguka mara mbili, na ikashika.

Sijui nikuelezeje ule mlio. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja haziungurumi kwa kishindo, zinavuma, sauti moja ndefu isiyo na mwanya. Moshi mweupe ukatoka wa ile oili niliyomimina, baba yako akafungua milango yote ya banda, na ndani ya dakika kumi moshi ukaisha. Nikaweka mkono juu ya boneti ya kijani niliyokuwa nimeifuta vumbi asubuhi, nikasikia imeanza kupata joto.

Nimelitembeza wiki sita sasa. Kilomita za kwanza 300 nikabadilisha oili, maana uchafu wa zamani huachia taratibu. Filta ya petroli nimebadilisha mara mbili kwa sababu hiyo hiyo. Usukani ni mzito gari likisimama, halina mtambo wa kukusaidia, lakini ukifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakuwa mwepesi, na kila kokoto barabarani unaisoma kwa vidole. Gari zima lina kilo elfu moja na kidogo, na injini ni ya lita 2.4, hivyo ukikanyaga mafuta gia ya tatu linakusukuma kitini bila kelele za kujionyesha. Boneti ni ndefu sana mbele yako. Kona ukiingia polepole na kutoka na mafuta, mkia unakaa. Ukiingia kwa pupa na kuachia mafuta katikati, mkia unakuja mbele. Hilo nitakuonyesha mahali pa wazi.

Wapo wanaoniambia sasa nililaze tena, lipumzike, ni gari la kutazamwa. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwenye tope na mawe na vumbi, maelfu ya kilomita. Halikuumbwa liishi chini ya turubai. Kilichoharibika kwenye gari letu hakikuharibiwa na barabara hata kimoja. Nimekagua kila kitu kwa mikono yangu na nakwambia hilo kwa uhakika.

Kwa hiyo mwanangu, swali lako nimelijibu. Uzito huo uweke chini. Ukiwa na miaka minne ulikuwa unaniomba nikufunulie turubai ukae kwenye usukani, na nilikuwa nakwambia kesho. Wewe ndiye uliyekuwa ukilikumbuka nami nikilisahau.

Ukija Jumamosi, kiti cha dereva ni chako. Mimi nakaa pembeni. Ufunguo nimeuning'iniza kwenye msumari wa ndani, kulia mwa mlango wa banda. Kabla ya kuwasha angalia oili, angalia chini ya gari kama kuna tone. Choki, ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, ni kile kijiti kilicho kati ya viti, nyuma ya gia. Kivute chote, usikanyage mafuta, piga stata. Ikishashika, rudisha choki kidogo kidogo mpaka injini itulie, na usizidishe mizunguko 3,000 kwa dakika hadi mshale wa maji ufike katikati. Gia ya pili ni nzito oili ya giaboksi ikiwa bado baridi. Usiilazimishe, isubiri kidogo, itaingia yenyewe.

Na uje na viatu vya soli nyembamba, pedali zimekaribiana.

Mama yako