Risala ya Kikundi cha Sanaa za Maonyesho kwa Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Msimu wa Michezo ya Kuigiza, Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, viongozi wa dini, walimu,
Ndugu zetu wa vikundi vya ngoma mliotoka Mtama, Mchinga na Kilwa,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na jua la saa nane la Lindi halimwonei huruma mtu aliyevaa koti. Karibu sana, na ukiona vema koti livue, hapa uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na ngoma za arusi na jando. Michezo ya kuigiza ilifuata baadaye. Waigizaji unaowaona mbele yako ni wavuvi, mafundi cherehani, mama lishe, vijana wa bodaboda na walimu wawili watatu wanaotusaidia kusoma maandishi. Mazoezi ni jioni, kila mtu akishamaliza shughuli iliyompa ugali.

Msimu unaanza Juni mvua zikishakatika, na unafungwa Novemba kabla hazijarudi. Tunaigiza nje, kwa hiyo mwenye kupanga ratiba yetu hasa ni mawingu. Safari hii tuna michezo mitatu.

Wa kwanza ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Mwandishi huyu ni mzaliwa wa mkoa huu huu wa Lindi, mwaka 1943. Kazi yake imesomwa vyuoni ndani na nje ya Afrika Mashariki, lakini tukiwauliza vijana wa mji huu, wengi wanamjua kama jina la kwenye jalada tu. Hilo kwetu ni deni, na tunataka kulilipia Nandete, wilayani Kilwa, kwenye vilima vya Wamatumbi, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Tutapanda huko mwezi Julai. Ukiiacha lami pale Njia Nne, barabara ya Kipatimu inataka dereva mwenye subira.

Tukiwa mazoezini, mzee mmoja alikuja kutazama tendo la kugawa maji, ile dawa ambayo Kinjeketile aliwaambia wapiganaji itawakinga na risasi za Wajerumani. Kijana wetu alikuwa anachota kwenye ndoo na kuwanyunyizia wenzake. Mzee akatukatisha, akasema hayo ni maji ya kunawia mikono. Dawa ile ilitiwa mtama na mafuta ya nyonyo. Kweli, hata vitabu vya historia vinasema hivyo. Sasa tunatumia chungu, na maji yakimwagwa punje za mtama zinanata kwenye vipaji vya nyuso za askari wetu. Wanaingia vitani nazo. Wanapoanguka, bado zipo. Tendo lile sasa halihitaji msimulizi.

Wapo waliotuuliza kwa nini tuigize vita tulivyoshindwa. Mheshimiwa, mchezo huu hausifii maji wala hauwacheki walioyaamini. Kinjeketile wa jukwaani anatiwa shaka na dawa yake mwenyewe, anaona watu wameshika neno lake na kwenda nalo kuliko alivyokusudia. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anafikiria watakaozaliwa watalipokeaje neno hilo. Kinjikitile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Mwandishi hakufungwa na hilo, na sisi tunaufuata mchezo kama alivyouandika.

Mchezo wa pili tumeutunga wenyewe, na ndio uliotutoa jasho. Unahusu mifupa ya Tendaguru. Vita vya Maji Maji vilikwisha 1907, vikiwa vimeacha njaa na makaburi kusini nzima. Miaka 2 tu baadaye, 1909, Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walifika kilimani Tendaguru, wilaya hii ya Lindi, kuchimba mifupa ya dinosaria. Walichimba hadi 1913. Waliochimba kwa mikono ni watu wetu, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na waliobeba ni watu wetu pia: mizigo kichwani na mabegani, mwendo wa siku 4 hivi kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mnyama mmoja alisimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumwona hadi leo.

Sisi hatuna mnyama wa kuonyesha. Tuna mianzi. Mifupa ile ilifungwa kwa mianzi isivunjike njiani, basi fundi wetu amesuka mfupa wa mguu unaopita mita 2, ndani mtupu, nje mianzi na udongo mwekundu. Wanaume wanne wanaubeba mchezo mzima bila kuutua, wanaimba, wanagombana, wanaulizana ni mfupa wa nani. Mmoja wao kwenye mchezo ni mtu aliyenyunyiziwa maji mwaka 1905. Hapo ndipo michezo hii miwili inaposhikana mkono, na tungependa ionekane yote na mtazamaji yule yule.

Wa tatu ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe wa Edwin Semzaba, kwa ajili ya shule za sekondari. Wanafunzi wengi wameujibia mtihani bila kuuona jukwaani. Karani wa sensa anayesahau kazi kwa ajili ya binti wa watu anachekesha zaidi akiwa na miguu na sauti. Kuhusu michezo ya waandishi hawa wawili, barua za kuomba kibali kwa wenye haki tumeshaziandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kero yetu kubwa ni giza. Hatuna taa, hivyo lazima tuanze saa kumi alasiri ili tumalize uso wa mwigizaji ukiwa bado unaonekana. Saa hiyo mkulima yuko shambani, na mama yuko jikoni au kisimani. Wanaobaki ni watoto na wazee. Tunawapenda, lakini wanaume na wanawake ambao mababu zao walibeba ile mizigo hawatauona mchezo wao. Tunaomba utusaidie kupata jenereta dogo na taa nne za jukwaani, tuweze kuanza saa mbili usiku, watu wakishakula.

Ombi la pili ni barua ya ofisi yako kwa wakuu wa shule, watupokee mwezi Agosti kwa ajili ya Ngoswe. La tatu ni kwako binafsi: tumekutengea kiti Novemba hapa mjini, siku mfupa utakapoingia bandarini. Njoo na familia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwako na katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.