Mji mzima kitabu kimoja, hii nimeikubali

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi niongelee hii programu ya kusoma huku Marekani, ile watu wa mji mzima wanashika kitabu kimoja, kila mtu anasoma kwa muda wake halafu wanakutana maktaba kukijadili. Ilianzia Seattle 1998 ikasambaa, na kuna miji inaifanya kwenye mwezi wa kusherehekea Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 15 Septemba hadi 15 Oktoba (msishangae kuanza katikati ya mwezi, tarehe 15 ndo uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nicaragua na Costa Rica, Mexico kesho yake).

Kitabu kimoja kinachosomwa sana kwenye hizi programu ni Bless Me, Ultima cha Rudolfo Anaya, kilitoka 1972. Mtoto wa New Mexico, baba anatoka ukoo wa wachunga ng'ombe, mama wakulima, kila upande unamvuta kwake, halafu anakuja bibi mganga wa mitishamba kukaa nao na hapo ndo mambo yanaanza. Kiingereza kimechanganywa na Kihispania bila kuomba radhi, yaani kama sisi tunavyoongea tu. Kuna shule zilikipiga marufuku eti uchawi, jamani!

Ila lawama yangu moja, kwenye sherehe za mwezi huo wengine wanajaa siku ya ngoma na taco (msosi wa Kimexico), siku ya kujadili kitabu viti vitupu. Waandaaji waviweke siku moja basi, mtu akifuata msosi akutane na kitabu hapohapo.

Msomaji wenu, Marekani