Mdogo wangu, kabla hujashuka kwenye maji ya Tuamotu

Mdogo wangu,

Sauti uliyotuma Jumapili nimeisikiliza mara nne. Mbili nikiwa peke yangu, mbili mama akiwa ameketi karibu na jiko anachambua dagaa. Upepo ulikuwa unakata maneno, ila ya muhimu yamefika: safari imekubaliwa, yoti inaelekea visiwa vya Tuamotu kule Polinesia ya Ufaransa, wewe ndiye mpishi, na wenye yoti wamekufundisha kuzama kwa pumzi moja na kupiga samaki kwa bunduki ya mshale. Ukasema umeshafika mita 18. Mama akauliza mita 18 ni kiasi gani. Nikamwambia apandishe michikichi miwili mirefu, mmoja juu ya mwingine. Akanyamaza, akaendelea na dagaa zake.

Naiweka barua hii hadharani kwa sababu simu yako haipatikani siku nyingi, na ukifika bandari yoyote utaikuta hapa. Pia si wewe peke yako. Kuna vijana wa Kibirizi, Katonga na Ujiji waliokwenda pwani kutafuta kazi za boti, na wao walijifunza kuogelea katika Ziwa Tanganyika kama sisi, bila mwalimu. Nao wasome.

Nina jambo la kukuambia ambalo tulikuficha.

Unakumbuka siku tuliyokuchukua kwenye mtumbwi mpaka kwenye miamba ya kusini ya Katonga? Ulikuwa na miaka tisa. Ulilia njia nzima ya kurudi, na nyumbani tukasema kaka amemeza maji. Sikumeza maji. Nilizimia.

Wakati ule nilikuwa nazamia samaki wa mapambo, wale wa miambani wanaosafirishwa kwenda Ulaya kukaa kwenye vioo. Ziwa letu lina samaki ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na tajiri aliyekuwa akituajiri alilipa kwa idadi. Mtungi wa hewa hakutupa. Alitupa miwani, nyavu ndogo na ushauri mmoja: kabla ya kuzama hemeni haraka haraka, mara thelathini, arobaini, mpaka vidole vianze kufa ganzi, ndipo mtakaa chini muda mrefu. Tulimwamini kwa sababu ilifanya kazi. Kweli nilikuwa nakaa zaidi ya wenzangu, na nilijivunia.

Siku ile nilikuwa nimewaona samaki wawili wa aina ya Tropheus wenye ubavu mwekundu wamejibana kwenye ufa wa jiwe. Nilipanga wavu, nikasubiri. Sikuhisi kubanwa hata kidogo. Nilijisikia vizuri, mdogo wangu, vizuri sana, na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Nilianza kupanda nikiwa mtulivu. Niliuona mtumbwi kwa chini, na kile kiraka cha lami upande wa mbele. Nakumbuka nilifika juu, nakumbuka mwanga. Halafu hakuna kitu. Kilichofuata ni kofi shavuni na sauti ya mzee wetu wa kasia akiniita jina, na kilio chako.

Mzee yule hakuwa mzamiaji. Alikuwa na tabia ya kutoyaondoa macho kwenye maji mtu akiwa chini, wala hakuyaondoa nilipoibuka. Aliona kichwa changu kimetokeza, kisha uso ukalala majini. Akanikamata kwa kiuno cha kaptula. Kama angegeuka kuwasha sigara, wewe ungerudi nyumbani na yeye peke yake.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kilichonipata. Kinachomfanya mtu ahisi kubanwa na pumzi si kupungua kwa oksijeni. Ni kuongezeka kwa hewa ya ukaa mwilini. Ukihema haraka haraka, oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana kwa sababu damu ilikwisha kujaa. Unachofanya ni kuifukuza hewa ya ukaa. Yaani umemziba mdomo mlinzi wako mwenyewe. Unakaa chini ukiwa na raha huku oksijeni inakwisha.

Halafu kuna kina. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, mita 20 mara tatu, na mgandamizo huo ndio unaoisukuma oksijeni kidogo iliyobaki iendelee kuingia kwenye damu. Ukipanda, msaada huo unaondoka, na unaondoka kwa kasi kuliko kote katika mita 10 za mwisho, ambako mgandamizo unashuka kwa nusu. Ndiyo maana wengi huzimia karibu kabisa na uso wa maji, au wakiwa tayari wamefika juu na wameshavuta pumzi ya kwanza. Kuona mtu ameibuka si kuona mtu amepona.

Kwa hiyo usiheme haraka. Lala juu ya maji, pumua taratibu kama mtu anayesinzia, vuta pumzi moja kubwa, shuka. Ukiibuka usipige kelele za ushindi, usianze kumvuta samaki. Vuta pumzi, ishikilie kidogo, toa kiasi, vuta tena, mara tatu nne hivi. Na mwenzako akutazame usoni kwa nusu dakika nzima. Mmoja chini, mmoja juu. Wote wawili wasizame kwa wakati mmoja hata kama chewa amekaa mlangoni pa pango anawasubiri. Ukimwona mwenzako amelegea, mgeuze, uso utoke nje ya maji, mvue miwani, mpulizie usoni, mpige shavu, mwite jina. Wengi hurudi kwa hilo. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni hapo hapo majini, usingoje kufika kwenye yoti.

Na mkanda wa kiunoni wenye vipande vya madini ya risasi usikubali kuuongeza uzito ili ushuke upesi. Mtu aliyepimwa vyema huelea juu hata akiwa ametoa pumzi. Mkanda uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja, tena uzoee kuufungua ukiwa umefumba macho.

Huko unakokwenda, watu walizama kwa pumzi kabla hatujazaliwa. Wenyeji wa Tuamotu walikuwa wakitafuta chaza wa lulu, mita 30 na zaidi, kutwa nzima, na wana neno lao kwa kilichowapata baadhi yao: taravana. Mtu anaibuka kizunguzungu kimemshika, au mguu haumsikii, na wengine walikufa. Walikuwa wanazama tena na tena bila kupumzika vya kutosha juu. Lakini kule kisiwa cha Mangareva, wazamiaji walikuwa na desturi ya kukaa juu dakika 12 hadi 15 kabla ya kurudi chini, na ugonjwa ule haukujulikana kwao. Kazi ile ile, kina kinachokaribiana, tofauti ni subira. Wewe hutafika kina hicho mwaka huu, nakuomba usifike, ila pumziko juu liwe angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na ukianza kushuka zaidi liongeze.

Masikio unayajua. Lile la kushoto lilikusumbua tangu utotoni. Sawazisha mgandamizo wake kabla halijauma, si baada ya kuuma, na ukiwa na mafua baki jikoni.

Sasa maji yenyewe. Ziwa letu halina kupwa na kujaa. Zanzibar umeyaona, umezoea mashua kukaa mchangani asubuhi na kuelea mchana. Visiwa vya Tuamotu ni kitu kingine. Ni pete za matumbawe, zaidi ya 70, ardhi nyembamba inayozunguka maji ya ndani, na kwenye baadhi yake maji hayo huingia na kutoka kupitia mlango mmoja au miwili. Fikiria ghuba yote ya Kigoma inamwagika kupitia nafasi ya kupita meli moja. Maji yakitoka, mkondo unakubeba hadi bahari kuu na mawimbi yanasimama mlangoni kama ukuta. Muulize nahodha saa za maji kila siku, na boti ndogo iwafuate popote mlipo. Isiachwe imetia nanga huku wote mko majini.

Papa utawaona. Katika mlango wa kusini wa Fakarava, kimojawapo cha visiwa hivyo, watafiti wamewahesabu mpaka 700 msimu ambao chewa wanakusanyika kutaga mayai, kama mwezi Juni na Julai. Sisi tulikua na mamba, tunajua kumheshimu mnyama kwenye maji yake. Papa husikia samaki anayepapatika kabla hata damu haijafika kwao, kwa hiyo ukishampiga, samaki aende kwenye boti mara moja. Usimfunge kiunoni. Papa akimtaka, mwachie. Utapiga mwingine.

Hapa nakuja kwenye kazi yako hasa, maana wewe ndiye utakayewapakulia watu sahani. Nyumbani tumezoea kwamba samaki mkubwa ni heri. Kuhe mkubwa akiingia nyumbani, jirani anaitwa. Kwenye matumbawe ya huko, mkubwa ndiye wa kuogopa. Kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho unaoota juu ya matumbawe, hasa yaliyokufa, nao una sumu. Samaki wadogo wanaula, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inajikusanya kwa yule aliyekula wengi: chewa mkubwa, mzia, mkunga. Samaki huyo hanuki, ladha haibadiliki, macho yanang'aa kama wa leo. Kumchemsha hakuiondoi sumu, kumkaanga wala kumtia chumvi hakusaidii, barafu nayo haisaidii. Ujuzi wote aliokufundisha mama wa kumtambua samaki mbaya hautakufaa hapo, na najua itakuuma kusikia hivyo. Aliyekula hutapika na kuharisha, midomo inawasha, na wengine wakigusa maji ya baridi wanahisi yanaunguza. Tena samaki wa upande mmoja wa kisiwa anaweza kuwa salama, na wa aina ile ile upande wa pili akawa na sumu. Wanaojua ni wenyeji. Kabla ya kuwasha jiko, mwonyeshe mwenyeji samaki na umwambie umempata wapi. Akitikisa kichwa, mtupe, hata kama mwenye yoti amepiga naye picha.

Uwaulize pia kama mnaruhusiwa kuvua. Kuna nchi za visiwa, Maldivi na Shelisheli kwa mfano, ambako bunduki ya mshale ni marufuku kabisa. Na hata panaporuhusiwa, yale maji ya ndani ndiyo shamba la watu wale. Wewe unajua ilivyokuwa hapa mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mitumbwi iliinuliwa mchangani, usiku hakuna taa hata moja majini, giza mpaka upande wa Kongo. Mama alipika mboga za majani kwa mawese miezi mitatu na hakulalamika. Ungejisikiaje kama wakati ule wageni wangekuja na yoti nyeupe, wakapiga sangara wetu na kuondoka? Chukua wa kutosha chungu cha siku hiyo. Ukipata zaidi, peleka kijijini.

Hatujambo huku. Baba anakwenda Ujiji kila Ijumaa kama kawaida. Meli ya Liemba bado watoto wanaiulizia. Mama amekuwekea mafuta ya mawese chupa mbili, nimemwambia hayawezi kufika Tuamotu, akasema yatakungoja.

Nina ombi moja, nalo usilijibu kwa haraka. Nitumie jina la mtu atakayekuwa juu ukiwa chini. Si jina la yoti wala la nahodha, jina la huyo atakayekutazama usoni ile nusu dakika. Mama amesema anataka kumwombea kwa jina lake.

Kaka yako,
Kigoma