Kabla ya bahasha za ahadi, tuulizane hatusemezani na nani

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ya moyoni kabla Januari haijaisha, maana watu wakishazama kwenye ada za shule hakuna atakayekuwa na sikio la kunisikiliza.

Mimi ni mjane, nauza ndizi Soko la Mbuyuni hapa Moshi mjini. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba, kipo Old Moshi. Siku hizi za mwanzo wa mwaka hatupumziki sokoni, kwa sababu waliokuja kula Krismasi nyumbani wanarudi Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, na kila mmoja anataka mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori, wa kupakia kwenye buti la basi. Tarehe 3 alikuja kijana akachukua mikungu miwili. Nikamuuliza kama mmoja ni wa kaka yake, maana walipokuja Krismasi nilikuwa nimewaona wote wawili na najua wote wanaishi Dar. Akasema, "Huyo? Atanunua wake." Akalipa, akaondoka. Nikashindwa kumkemea, kwa kuwa hadi siku moja kabla ya hapo nilikuwa kama yeye.

Mume wangu alifariki 2015. Miaka miwili baadaye shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aling'oa masale ya mpakani akayapanda upande wangu, hatua tatu hivi kutoka yalipokuwa. Kwa wasomaji wasio wa huku: masale ni ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Jani hilo hilo likifungwa fundo, ndilo Mchagga analobeba akienda kuomba msamaha, na aliyepelekewa hatakiwi kulikataa hata kama kosa ni zito. Nilikwenda kwake nikasema maneno mbele ya watoto wake ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo hatukusalimiana.

Desemba 2019 alimtuma mzee wa ukoo aniletee isale, yaani jani hilo la msamaha. Mhariri, nililikataa. Nilimjibu mzee yule, "Mwambie mimi ni mtu wa Yesu, mambo ya majani ni ya wazee wa zamani. Akitaka msamaha aje aungame kanisani." Mzee akaondoka na jani lake mkononi. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinipongeza kwamba nimesimama imara, na mimi nikaamini hivyo. Nilitumia jina la Bwana kufunga mlango ambao Bwana mwenyewe alikuwa anaugonga.

Miaka yote hiyo sikukosa jumuiya. Niliimba kwaya. Ahadi yangu ya sadaka niliimaliza kila mwaka kabla ya Novemba, na siku za mnada wa mavuno nilipeleka ndizi. Mtu angenipima kwa daftari la usharika angesema huyu mama anakua katika imani. Lakini nikiwa kihambani, nikisikia sauti ya shemeji ng'ambo ya migomba, nilikuwa nazima redio ili asijue kama nipo. Kwenda kuteka maji nilizunguka njia ya mbali, kule juu kwenye mfereji, nisipite mlangoni kwake. Hivyo ndivyo nilivyoishi, na nikiulizwa habari za imani yangu nilikuwa najibu "nakua" bila wasiwasi.

Mkesha wa mwaka mpya mchungaji alisoma mwanzo wa barua ya pili ya Paulo kwa Wathesalonike, pale anapomshukuru Mungu kwa kuwa imani yao inazidi na upendo wa kila mmoja kwa mwenzake umekuwa mwingi. Maneno hayo nayajua tangu darasa la kipaimara. Usiku ule ndipo nilipoona kwamba Paulo anayataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja, hakuacha nafasi katikati ya mtu kama mimi kujificha. Ilipofika saa sita watu wakapiga vigelegele, tukakumbatiana. Nilikumbatia watu thelathini au zaidi, na hakuna hata mmoja niliyekuwa na neno naye.

Tarehe 2 nilipanda Old Moshi mapema, umande haujakauka. Nikakata jani kwenye masale yale yale ya mpakani niliyokuwa nasema yameibwa kwangu, nikalifunga fundo. Shemeji alikuwa anakatia ng'ombe majani. Aliponiona akaweka panga chini, akajifuta mikono kwenye shati, akalipokea jani kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akamwita mkewe, "Mletee shemeji kiti." Nililia, naye alilia.

Mpaka haujapimwa bado. Tumekubaliana wazee wa ukoo waje kabla ya masika, na inawezekana hatua zile tatu zikabaki kwake. Nikizifikiria bado zinaniuma, sitaficha. Lakini sasa napita mlangoni kwake.

Najua wapo watakaosema habari ya isale ni ushirikina. Wazee wetu walitusimulia habari za mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Old Moshi hadi 1938. Yeye alishikilia kwamba Injili isivunje ukoo na ujirani wa Wachagga, bali kanisa lijengwe juu yake. Jani haliokoi mtu. Lakini lilinipa kitu cha kushika mkononi siku ambayo mdomo ulikuwa hauwezi kuanza.

Sasa ombi langu kwa wachungaji na wazee wa kanisa, wa usharika wangu na wa kwingine. Mwanzoni mwa mwaka mnatuletea bahasha za ahadi. Zileteni, kanisa linazihitaji. Ila kabla hamjaandika jina la mtu juu ya bahasha, kaeni naye dakika chache mumuulize: nani humsemeshi? Bwana alisema katika Mathayo sura ya tano kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Mimi nilipokea bahasha miaka mingi na hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa na mzee wa kanisa ninayemheshimu, huenda nisingekaa mpaka miaka yote hiyo ipite, na watoto wa shemeji wasingekua wakinikwepa njiani.

Na wewe kijana wa mikungu miwili, kama gazeti hili litakufikia huko Dar: mshare ukishaiva haufai tena kwa mtori, na joto la huko halisubiri. Mpelekee kaka yako mmoja wiki hii.

Mjane, muuza ndizi,
Soko la Mbuyuni, Moshi