Salum, kuhusu ile ishu ya Dallas

Mambo Salum,

Meseji yako niliisoma usiku usingizi ukakata kabisa, ndo maana nakuandikia kirefu. Unasema watu kibao siku ile ya 22 Novemba 1963 walisikia risasi zilizomuua Rais Kennedy wa Marekani pale Dallas zikitokea kwenye kile kilima cha majani kando ya barabara, kwahiyo lazima kulikuwa na mpigaji wa pili kule, haiwezekani wote wawe waongo. Kaka, mimi simwiti yeyote muongo. Nachosema ni kwamba sikio linajua kuhesabu ila kwenye kuonyesha upande linapotea.

Cheki kamati ya bunge la Marekani iliyochunguza mauaji hayo, ikamaliza kazi 1979. Walipitia maelezo ya mashahidi 178, na 132 walisema milio ilikuwa mitatu. Sasa uliza ilitokea wapi: 49 wanasema ghala la vitabu (lile jengo alilokuwa anafanya kazi Lee Harvey Oswald, aliyekamatwa kwa mauaji hayo), 21 kilimani, 30 sehemu nyingine, na 78 walishindwa kabisa kusema. Risasi ya raifo inaikimbia sauti, kwahiyo unasikia kwanza mpasuko wake ikipita hapo ulipo, ndo mlio wa bunduki unafuata, halafu mwangwi wa majengo na daraja la reli, vyote ndani ya nukta moja na watu wanapiga kelele, utajuaje? Unakumbuka yale machimbo ya kokoto nyumbani, baruti inalipuka upande wa mtoni sie tunageuka kuangalia mlimani, kila siku, na tulikuwa wenyeji! Lee Bowers alikuwa kwenye mnara wa reli nyuma ya hicho kilima, miaka kumi na zaidi anafanya kazi pale, na alisema sauti ya ghalani na ya darajani zinafanana, hakuweza kuchagua.

Najua utaniambia kamati hiyohiyo ilisema kuna risasi ya nne toka kilimani. Ni kweli, ila hapo waliegemea rekodi ya redio ya polisi, na 1982 jopo la wanasayansi likaikataa, wakakuta zile sauti zimerekodiwa kama dakika nzima baada ya mauaji.

Hata macho nayapima hivyohivyo. Howard Brennan, shahidi aliyekuwa nje mbele ya ghala, aliona mtu na bunduki kwenye dirisha la ghorofa ya sita, hilo namwamini. Sura je? Usiku ule polisi walimpangia watu mstarini achague aliyemwona, na hakumtaja Oswald kwa uhakika, baadaye ndo akasema alimtambua ila aliogopa, kwahiyo sura naipa uzito mdogo.

Ila Harold Norman, kaka, huyo ndo ananibana. Alikuwa mfanyakazi wa ghala, yupo ghorofa ya tano, chini kabisa ya dirisha lile, akasikia bunduki ikikokiwa na maganda yakidondoka sakafuni juu ya kichwa chake. Hapo hamna mwangwi wa kumchanganya. Na polisi wakakuta maganda matatu palepale juu.

Kwenye meseji yako yote hujamgusa Norman. Nijibu kuhusu yeye kwanza, kilima tutakirudia.

Msalimie sana mama.