Kinanda cha Haarlem na sauti yake ya asili

Mhariri,

Sikubaliani na wanaodai kwamba ukarabati wa kinanda kikubwa cha Kanisa la Mtakatifu Bavo, mjini Haarlem, Uholanzi, ulikirudishia sauti aliyoiacha mjenzi wake, Christian Müller, alipokimaliza mwaka 1738. Mafundi wa kampuni ya Marcussen ya Denmark, waliokishughulikia kati ya mwaka 1959 na 1961, walikuwa hodari, lakini baadhi ya filimbi zake, yaani mabomba yanayotoa sauti upepo unapopita, waliziunda upya na nyingine wakazirekebisha kwa masikio ya karne ya 20. Kasha lake, kwa bahati nzuri, bado linapendeza. Kinanda alichokipiga mtunzi wa muziki Mozart mwaka 1766, akiwa mtoto wa miaka 10, kilistahili fundi anayesafisha, anayeziba panapovuja upepo, kisha anayejizuia. Filimbi ikishakatwa upya mdomo, yaani upenyo wake wa kutolea sauti, sauti yake ya kwanza hairudi.

Wako,
Mpiga kinanda