YAH: Dishi la Paa la Tela Langu, na Yaliyonipata Yadini Kwenu Tarehe 29 Januari

Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

12 Februari, 2024

Ndugu Meneja,

Nimejizuia majuma mawili kabla ya kuandika, kwa kuwa mke wangu alinisihi nisiandike siku ileile niliyotoka kwenu, na nadhani alinishauri vyema.

Sina haja ya kuwakumbusha masharti ya dhamana mliyoyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi. Nilikuja nikiwa ndani ya muda, nikiwa na stakabadhi, boksi na kijitabu cha kifaa, baada ya kulivuta tela langu la kulala kutoka Iringa, karibu kilomita 500. Fundi wenu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakuinuka kitini wala hakunisalimu. Alinipa dishi la kawaida la kupimia, akaniambia nipande juu ya paa la tela nilishike kwa mikono, naye akabaki kivulini na rimoti mkononi na sahani ya chipsi mapajani. Nilikaa juu ya bati lile dakika arobaini, saa saba mchana, mimi mtu wa miaka 58. Nilipomuuliza jambo, alinijibu mbele ya wateja wenu kwa maneno ambayo kwa heshima ya barua hii sitayaandika.

Kosa lenyewe ni la hesabu tu, na mtu anayeuza madishi alipaswa kulijua. Dishi mliloniuzia kwa shilingi 1,850,000, lile la kujitafutia mawimbi lenyewe ndani ya kuba jeupe la plastiki, limetengenezwa kwa ajili ya karavani za Ulaya. Mtu aliye London huiona setelaiti yake chini chini upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 25 juu ya upeo wa macho. Sisi tuko karibu na ikweta. Setelaiti ya king'amuzi mlichonipa imekaa juu ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na Iringa nayo iko karibu na nyuzi hizohizo, kwa hiyo dishi sharti litazame juu takriban nyuzi 80, karibu utosini kabisa, likilalia kidogo tu kaskazini. Kijitabu chenu, ukurasa wa 4, kinasema mwisho wa dishi hili kuinuka ni nyuzi 65. Kila jioni ninapoliwasha, mota hulia, dishi huzunguka duara zima, huinuka hadi linapogota, husita kidogo, kisha huanza upya. Baada ya dakika kama kumi na mbili skrini huandika "Hakuna mawimbi", na mota imekwisha kunywa bure umeme ambao sola iliukusanya kwenye betri ya volti 12 mchana kutwa.

Kabla ya safari hiyo nilikwisha kuwapigia simu mara tatu. Mara ya tatu mhudumu wenu alinishawishi ninunue antena ya kawaida na busta, shilingi 145,000 nyingine, akaniambia kwamba busta "inavuta popote". Busta haivuti popote. Hukuza kile kilichokwisha kuifikia antena, pamoja na makelele yake, na pale ambapo hakuna kilichofika haina cha kukuza. Nakiri kwamba Iringa mjini antena ile ilionyesha chaneli kadhaa vizuri. Lakini mimi ni msimamizi wa kazi za barabara, na tela langu hulala pale mitambo inapolala. Chini ya Kitonga, ambako milima imeziba kila upande, antena yenu ni waya wa kuanikia nguo.

Tarehe 21 Januari, Taifa Stars ilipocheza na Zambia, vijana wa kambi walikuja na ndoo zao wakaketi mbele ya tela, kwa kuwa nilikuwa nimewaahidi. Bao la Msuva la dakika ya 11 tulilisikia kwenye kiredio cha mpishi. Zambia waliposawazisha dakika ya 88, dishi lilikuwa bado linazunguka.

Narudi kwenye lile paa, kwa sababu hata usiku hunirudia. Bati lilikuwa likiunguza, nikavua kofia nikaikalia. Nilipotikisika kidogo, fundi wenu alisema, "Tulia mzee, wewe ndiyo stendi." Nilipochoka kuliinamisha dishi kule alikokuwa akinielekeza, nililiinua likatazama karibu juu kabisa, na hapo hapo picha ikaja, safi kabisa. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, unaona? Hili la kwenu haliwezi kufika hapa, soma ukurasa wa 4." Akamaliza kutafuna kwanza, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kaunta, na sasa nayaandika: "Mzee, dishi lililoyumba siyo la tela, ni lako." Wateja wakacheka. Msimamizi wake naye akacheka, kisha akaingia ndani akafunga mlango wa kioo. Mke wangu alikuwa ameketi garini, dirisha likiwa wazi. Nikiwa bado juu, nimeshika dishi, kijana yule aliandika kwenye fomu yenu: "Tatizo limetatuliwa." Nakala ya fomu hiyo ninayo.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mnibadilishie kifaa tu. Sasa naona haitoshi. Nataka shilingi 1,995,000 zangu zote, pamoja na shilingi 460,000 za dizeli ya kwenda na kurudi, ambazo risiti zake ninazo. Nataka pia mzibe kwa gharama yenu matundu manne mliyotoboa kwenye paa, moja likiwa linavujia kitandani tangu mvua za mwezi uliopita, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa nawe mwenyewe, si na msimamizi yule, ikimtaja na mke wangu.

Nilikuwa nimeandika siku 14, nimezifuta. Nawapa siku 7. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani, na nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Aidha, mwezi ujao naanza likizo yangu ya siku 28. Tela lina vitanda viwili na jiko. Nitaliegesha upande wa pili wa barabara, ng'ambo ya geti lenu, na kila asubuhi mtakapofungua duka nitaliwasha dishi lenu, wateja walisikilize linavyozunguka.

Wako,

Mteja mliyemwita stendi.